Aaliyah Chavez katua Oklahoma: tumdai nini msimu wa kwanza?

Mzee wa Ribaundi (mtoa mada), Oktoba 2025

Wakuu, salaam. Msimu wa NCAA (mpira wa vikapu wa vyuo vikuu Marekani) kwa wanawake unaanza Novemba na kelele kubwa ni za binti wa Lubbock, Texas. Kwa ambao hamjamfuatilia: Aaliyah Chavez, gadi (mchezaji wa nje anayeongoza mpira), shule ya Monterey, televisheni ya michezo ya ESPN ilimpanga namba 1 kati ya wote waliomaliza sekondari 2025. Kaondoka shuleni na pointi zaidi ya 4,700 na ubingwa wa jimbo. Machi 25 akatangaza mubashara kwenye televisheni kwamba anakwenda Chuo Kikuu cha Oklahoma, na South Carolina, Texas, Texas Tech, UCLA na LSU wakabaki mikono mitupu. Oklahoma haijawahi kusajili mchezaji aliyepangwa juu kiasi hicho.

Mashabiki wa kule wameshapiga hesabu zao: pointi 25 kwa mechi, Final Four (timu nne za mwisho), kombe. Chuo hiki hakijawahi kutwaa ubingwa wa taifa kwa wanawake. Walipokaribia zaidi ni fainali ya 2002, UConn ikawafunga 82-70. Wakarudi Final Four 2009 na 2010, tangu hapo kimya.

Wanaoujua huu mchezo watusaidie. Namba 1 anapoingia chuo, tumdai nini hasa mwaka wa kwanza? Leteni takwimu, mbwembwe tunazo za kutosha.

Gadi wa Temeke

25 anafika bila jasho. JuJu Watkins alikuwa namba 1 wa 2023, akaingia USC akapiga wastani wa 27.1, jumla pointi 920, rekodi ya NCAA kwa mchezaji wa mwaka wa kwanza. Stanford aliwapiga 51 nyumbani kwao. Caitlin Clark alianza Iowa na 26.6, na huyo hata namba 1 hakuwa. Chavez anatupa kutoka mbali kama wao. Tumpunguzie kwa lipi?

Takwimu Hazilali

@Gadi wa Temeke mkuu, umechagua waliofunga zaidi ukawafungia wengine kabatini. Twende kwa namba 1 wa kila mwaka, pointi za msimu wa kwanza:

2020 Paige Bueckers, UConn: 20.0, akawa wa kwanza kuchaguliwa na shirika la habari la AP mchezaji bora wa taifa akiwa mwaka wa kwanza.
2021 Azzi Fudd, UConn: 12.1, sehemu ya msimu alikuwa nje kwa maumivu ya mguu.
2022 Lauren Betts, Stanford: 5.9, kwa dakika zisizofika 10.
2023 Watkins: 27.1.
2024 Sarah Strong, UConn: 16.4 na ribaundi 8.9, na kombe juu.

Ukirudi hadi 2012 unamkuta Breanna Stewart na 13.8. Huyo alimaliza chuo na makombe 4 katika misimu 4.

Kwa hiyo namba 1 anaweza kuwa popote kati ya 5.9 na 27.1, na wote hao vipaji vyao havina ubishi. Kinachowatofautisha zaidi ni mitupo mingapi ilikuwa haina mwenyewe kwenye timu waliyoikuta. Watkins alikabidhiwa timu nzima, akawa anatupa zaidi ya mara 20 kwa mechi na karibu asilimia 40 ndizo zilizoingia. Betts alikuta Stanford ina Cameron Brink pale chini, na senta wawili hawawezi kukaa sehemu moja.

Sasa Oklahoma. Raegan Beers, senta wa sentimita 193, msimu uliopita alikuwa na pointi 17 na ribaundi 9 kwa mechi, na karudi. Payton Verhulst karudi pia. Timu ilikuwa inafunga zaidi ya 80 kwa mechi kabla binti hajafika. Chukua timu ya kasi inayotupa kama mara 68. Mpe Beers 12, Verhulst 12, saba wengine wanaoingia uwanjani wagawane 28. Zinabaki 16. Kwa mitupo 16, wastani wa 25 unataka ulengaji ambao hata Clark hakuwa nao mwaka wa kwanza. Makadirio yangu ni 15 hadi 18.

Gadi wa Temeke

Tutaonana Machi.

Mama Kikapu

Na hizo 15 hadi 18 zenyewe msizisome uchi. Pointi bila gharama yake hazina habari. Hesabu ni ndogo tu: gawanya pointi kwa mara mbili ya (mitupo ya kawaida + 0.44 ya mitupo huru). Mitupo huru inapunguzwa kwa 0.44 kwa sababu mingi hutupwa miwili miwili, na mingine ni ule mmoja wa nyongeza baada ya kikapu kuhesabiwa.

Mfano. Usiku mmoja kafunga 18 kwa mitupo 16 na mitupo huru 4: 18 gawa kwa 35.52, unapata 0.507. Usiku mwingine kafunga 14 kwa mitupo 9 na mitupo huru 4: 14 gawa kwa 21.52, unapata 0.65. Mtandaoni watashangilia ile 18, wakati ile 14 ndiyo iliyoisaidia timu. Akimaliza msimu juu ya 0.55 akiwa gadi anayeshika mpira muda mwingi, kafanya kazi. Akiwa chini ya 0.50 huku Beers amesimama chini ya kikapu hapewi mpira, hapo mashabiki wana haki ya kununa.

Sarah Strong ndiye kipimo cha hili. Alifunga 16.4 tu, lakini mitupo yake iliingia zaidi ya asilimia 58. Halafu kwenye mashindano ya NCAA akakusanya 114, nyingi kuliko mwaka wa kwanza yeyote aliyewahi kushiriki, na fainali akaipiga South Carolina pointi 24 na ribaundi 15. Hakuna aliyemdai 25 kila usiku, kwa sababu Bueckers na Fudd walikuwepo.

Baseline ya Norman

Nyote mnazungumzia pointi, na pointi hazikuwa tatizo la Oklahoma. Itazameni mechi iliyowatoa Machi, hatua ya 16 bora dhidi ya UConn: 82-59, na Bueckers peke yake kafunga 40. Timu ya kocha Jennie Baranczyk inakimbia sana na inatoa pasi nyingi za haraka, ni raha kuitazama, lakini mpira unapotea hovyo. Ndani ya SEC, ligi anayochezea Oklahoma, ukipoteza mpira mbele ya South Carolina au Texas, dakika tatu zinatosha kukuzika.

Kwa hiyo ukiniuliza, Chavez wamemchukua kwanza ili mpira ufike salama, halafu ndiyo afunge. Angalieni vitu viwili.

Kwanza, pasi ya kumwingizia Beers. Inaonekana rahisi lakini gadi wengi wa mwaka wa kwanza inawashinda. Beers akikabwa kwa nyuma, mpira unadundishwa mara moja uje upande wa mguu ulio mbali na mkabaji. Akikabwa kwa mbele, unapitishwa juu kuelekea ubao, na mpiga pasi ajue kwanza kama msaidizi wa upande wa pili kashaanza kuja. Kosa la kawaida ni kupiga pasi ukiwa katikati, juu ya duara, ambako hakuna pembe. Gadi mzoefu anapiga dribo moja au mbili kwenda ubavuni, anafungua pembe, ndipo anapitisha. Kosa jingine ni kuikodolea macho pasi kabla ya kuitoa. Sekondari wanakuachia, chuo wanainyakua.

Pili, skrini, yaani mwenzako kusimama kama ukuta njiani mwa mkabaji wako. Beers akija kumwekea skrini, timu nyingi zitatuma watu wawili kwa Chavez ili mpira umtoke mkononi. Gadi mchanga akiona miili miwili anasimamisha dribo, tena karibu na mstari wa pembeni, na mstari ule ni mkabaji wa tatu. Inavyotakiwa: dribo mbili za kurudi nyuma huku mpira ungali hai, mkabaji wa pili avutwe mbali na kikapu, kisha pasi fupi kwa Beers akiwa eneo la mstari wa mitupo huru. Hapo Oklahoma wanacheza 4 dhidi ya 3. Asisti mara nyingi haiandikwi kwa Chavez, inaandikwa kwa atakayetoa pasi ya mwisho. Usipotazama mechi, kwenye karatasi ya takwimu utadhani hakufanya kitu.

Gadi wa Temeke

Lakini huyu sekondari alikuwa anawekewa watatu kila mechi. Mitego ameizoea.

Baseline ya Norman

Ameizoea kwa vipimo vingine. Sekondari Texas hawana saa ya kutupa, unaweza kuzungusha mpira mpaka mkabaji achoke. Chuo una sekunde 30, ukitoa za kuvuka nusu na za kuanzisha mchezo zinabaki kama 20. Sekondari ni robo 4 za dakika 8, chuo dakika 10. Na mstari wa pointi tatu sekondari ni mita 6.02, chuo mita 6.75. Zile sentimita 73 ni ndogo kwa mtu anayetupa akiwa amesimama na ni kubwa kwa anayetupa akitoka kwenye dribo dakika ya 36, miguu imeisha. Chavez alikuwa anatupa kutoka mbali kuliko mstari wa sekondari, hilo nakubali, kwa hiyo umbali wenyewe haunitishi. Wasiwasi wangu ni anayemkaba: gadi wa SEC wa mwaka wa nne, wa sentimita 185, mwenye senta wa mita mbili nyuma yake.

Mtarajieni aanze Novemba na asilimia nzuri dhidi ya vyuo vidogo, Januari ashuke, Februari ashuke tena, kisha Machi apande. Ndiyo njia ya kawaida. Mkiona Januari kaingiza mitupo 3 kati ya 14 msifungue uzi wa matanga.

Kisumu Tip-Off

Wadau wa mpira wa vikapu, mnasahau jambo. South Carolina sasa iko na msichana wetu Madina Okot, yule wa chuo cha Zetech hapa Kenya, sentimita 198. SEC kila chuo kinacheza mechi 16 na vyuo viko 16, kwa hivyo lazima wakutane na Oklahoma angalau mara moja. Madina atamkaba Beers, na kila skrini ya Beers Chavez atamkuta Madina anamngojea kwa rangi, pale chini ya kikapu. Hiyo mechi hatulali.

Alafu huyo Madina ndiye jibu la hii story ya namba. Alianza vikapu akiwa amechelewa, hakuna orodha ya ESPN ilimjua, na msimu wake wa kwanza Mississippi State 2024-25 akapata pointi 11.3 na ribaundi 9.6. Hizi orodha zinapangwa na nani kwani?

Takwimu Hazilali

@Kisumu Tip-Off zinapangwa na watu wanaozunguka mashindano ya kiangazi ya Marekani, yale ya klabu yanayodhaminiwa na kampuni za viatu, pamoja na kambi za timu za taifa za vijana. Wanatazama umbo, mkono, kasi ya kusoma mchezo, na mchezaji anavyofanya akikutana na wenzake wa juu. Mchezaji wa Nairobi au Mwanza hayupo kwenye macho yao mpaka avuke maji.

Hata ndani ya macho yao, uhakika ni wa kundi kuliko wa nafasi. Tazama 2020: Bueckers 1, Angel Reese 2, Cameron Brink 3, Clark 4, Kamilla Cardoso 5. Wote watano wamekuwa nyota, hapo ESPN hawakukosea. Lakini aliyemaliza na pointi 3,951, nyingi kuliko yeyote NCAA, ni wa nne. 2019 namba 1 alikuwa Haley Jones, na Aliyah Boston alikuwa wa 3. Namba 1 maana yake ni kwamba yumo ndani ya watano ambao wana nafasi kubwa ya kuwa bora kabla hawajamaliza miaka minne. Haisemi chochote kuhusu Novemba hii.

Mzee wa Ribaundi

Vipi ulinzi? Naona hakuna aliyegusa.

Difensi Kwanza

Hakuna aliyegusa kwa sababu hakuna anayemsajili namba 1 kwa ulinzi, na ndipo dakika zinapopotea. Mfungaji mkubwa wa sekondari huwa anapumzishwa upande wa ulinzi. Anapewa mpinzani dhaifu kuliko wote, maana timu haiwezi kukubali apate kosa la tano atolewe. Anakuja chuo na tabia tatu: anasimama wima akiwa upande usio na mpira, anafuata mpira kwa macho mpaka mtu wake anapita nyuma ya mgongo, na akipitwa anashika kwa mkono badala ya kukimbia na miguu.

Kushika kwa mkono ni ghali zaidi kuliko inavyoonekana. Kwa wanawake NCAA, kosa la 5 la timu ndani ya robo linampa mpinzani mitupo huru miwili. Makosa mawili ya kizembe dakika za mwanzo wa robo yanaigharimu timu nzima dakika sita zinazofuata. Kocha hatangoja, atamkalisha benchi, na mashabiki wataanza kulalamika kwamba binti anaonewa.

Kwa hiyo takwimu yangu ni dakika. Akifika 30 kwa mechi ndani ya SEC, maana yake ulinzi wake unavumilika. Akibaki 24 hadi 26 huku akifunga vizuri, jueni tatizo liko upande wa pili wa uwanja.

Mama Kikapu

Nimekumbuka kitu cha Oklahoma wenyewe. Courtney Paris, 2005 hadi 2009, mechi 112 mfululizo za tarakimu mbili kwa pointi na ribaundi. Sidhani kama kuna atakayeigusa hiyo. Mwaka wake wa mwisho akaahidi hadharani kwamba wasipochukua ubingwa atarudisha fedha za ufadhili wake wa masomo. Wakafika Final Four, Louisville ikawatoa 61-59. Pointi mbili! Mtu aliyeipa Oklahoma kila kitu akajitia deni mwenyewe kwa sababu ya kombe.

Ndiyo maana nasema mzigo wa kombe asitwishwe mtoto wa mwaka wa kwanza. Anayebanwa na muda msimu huu ni Beers, huu ndio mwisho wake chuoni. Chavez ana miaka minne.

Gadi wa Temeke

Minne kama hahami. Siku hizi nani anakaa?

Takwimu Hazilali

Swali zuri. Kwa Mmarekani, WNBA (ligi ya kulipwa ya wanawake) haimpokei mpaka atimize miaka 22 ndani ya mwaka wa drafti (timu zinapochagua wachezaji wapya) au amalize chuo, kwa hiyo hawezi kukimbia baada ya msimu mmoja kama wanaume. Lakini chuo kwa chuo ni ruksa. Tangu 2024 anayefaulu masomo anahama na kucheza mara moja bila kukaa nje, tena hata zaidi ya mara moja. Na tangu Julai mwaka huu vyuo vinaruhusiwa kuwalipa wanamichezo moja kwa moja, kikomo cha 2025-26 dola milioni 20.5 kwa chuo kwa michezo yote, mbali na mikataba yao ya matangazo.

Betts ndiye mfano. Zile 5.9 za Stanford watu walimwita hasara, akahamia UCLA, na 2024-25 akawa na 20.2 na kuifikisha UCLA Final Four. Kipaji kilikuwa kilekile, nafasi ndiyo ilibadilika. Kwa Chavez dalili ya hatari ni msimu ujao. Beers akiondoka na Oklahoma wasilete senta wa kumwekea skrini, mitego yote itamwangukia yeye.

Difensi Kwanza

Na magoti. Bueckers alikosa 2022-23 yote kwa kuchanika kano ya mbele ya goti, Fudd akachanika Novemba 2023, Watkins Machi 24 mwaka huu kwenye mechi ya NCAA dhidi ya Mississippi State, hiyohiyo aliyokuwemo Okot. Namba 1 watatu kati ya watano wa mwisho kwenye orodha ya hapo juu. Wanawake huumia kano hiyo mara nyingi kuliko wanaume, na kurudi ni miezi 9 hadi 12, kujiamini kunachukua muda zaidi. Tukimwona benchi kwenye mechi ya Desemba wanayoongoza kwa 30, tusimtukane kocha.

Kisumu Tip-Off

Hapo sawa. Sasa mechi zao zinaanza saa ngapi kwetu?

Baseline ya Norman

Kuanzia Novemba 2, Oklahoma iko nyuma yetu saa 9. Mechi ya saa 1 usiku kwao ni saa 10 alfajiri kwetu, siku inayofuata. Za Jumapili mchana ndizo rafiki: saa 8 mchana kule ni saa 5 usiku huku. Machi 8 wanasogeza saa, tofauti inakuwa 8, kwa hiyo mechi za NCAA zitakuja mapema kwa saa moja.

Ukiamka umeikosa, fungua karatasi ya takwimu, anza na safu ya kupoteza mpira na asisti. Gadi wa mwaka wa kwanza akiwa na asisti 2 kwa kila mpira 1 aliopoteza, hiyo ni kazi nzuri sana. Kisha tazama Beers kapewa mitupo mingapi. Pointi za Chavez utazikuta tu, zitakuwa zimeandikwa kila mahali.

Gadi wa Temeke

Na zikiwa 25 nazipachika hapa, kila wiki.